Rangi za Mtungi wa Dada

Tarehe 2 Machi

Mvua ya kwanza imepiga leo saa nne asubuhi, nikakimbia kuanua nguo za watu kabla sijamaliza sala. Mungu anisamehe, amina nimeisemea uani.

Naandika nyuma ya daftari la vipimo, kwa kuwa mbele kumejaa viuno na mabega ya wateja. Sijazoea kuandika mambo yangu. Shule niliishia darasa la saba, na mkono wangu unaijua chaki kuliko kalamu. Lakini msimu huu nyumbani kwetu kuna jambo jipya, nami nisipoliandika nitalisahau.

Binti yangu amepata kazi ya majaribio, miezi mitatu. Mama yake mkubwa ndiye aliyembandika jina la Chiriku alipokuwa mdogo, maana hakuwa anafunga mdomo, na mpaka leo ni hilo hilo. Kazi anaifanyia hapa sebuleni: kompyuta yake dirishani, cherehani yangu mlangoni, na katikati yetu amekaa dada yangu mkubwa na mtungi wake. Dada ana ugonjwa wa mapafu. Anapumua kwa mpira mwembamba unaoingia puani, hewa inatoka kwenye mtungi wa oksijeni uliosimama kando ya kiti chake, mrefu kama mtoto wa darasa la pili.

Na kazi yenyewe inawahusu watu kama yeye. Kuna kifaa kidogo kinafungwa shingoni mwa mtungi, kinapeleka habari kwenye simu, na simu inamchorea mgonjwa mtungi wake na hewa iliyobaki. Mchoro huo ndio kazi ya Chiriku. Nyumba kumi zitaujaribu, yetu ikiwemo. Mwisho wa Mei mkuu wake ataamua kumwajiri au kumwambia asante kwaheri. Ametuma maombi miaka miwili huyu mtoto. Namwombea kila asubuhi kabla ya kumwombea mtu mwingine yeyote, nami mwenyewe nikiwemo.

Tarehe 5 Machi

Mvua. Kanzu mbili na suruali moja.

Tarehe 8 Machi

Leo nimeshindwa kuvumilia, nikamuuliza anapaka nini siku nzima.

"Sipaki, mama. Hii ni gredienti. Rangi inageuka taratibu mpaka inakuwa rangi nyingine."

"Kama shati jeupe lililolowekwa pamoja na soksi mpya."

"Hiyo ni ajali, mama."

"Ajali nazo zina uzuri wake," dada akamdakia Chiriku. "We mwenyewe ulikuja kwa ajali."

Tumecheka mpaka dada akaanza kukohoa, nikamshika mgongo.

Basi akanieleza. Rangi hiyo haijiendei yenyewe. Lazima uiambie mashine ianze wapi na iishe wapi. Mwanzo ni sifuri, mwisho ni moja, na kila kitu kingine kiko katikati: robo, nusu, robo tatu. Tena mashine inahesabu kutoka juu kushuka, kama mtu anavyosoma ukurasa, kwa hiyo sifuri iko juu na moja iko chini. Mimi pindo la gauni napimia sakafuni kwenda juu. Nimewaza jambo hilo mchana kutwa huku nakata.

Halafu nikamuuliza, "Ukisema nusu, ni nusu ya nini?"

Akageuka na kiti chake kizima. "Hapo umeniuliza swali la watu wazima. Inategemea umeanzia kupima wapi." Simu ikamlilia, hakumalizia.

Tarehe 14 Machi

Mungu ni mwema, nimepata kazi ya kwaya. Magauni ishirini na mawili, chini buluu iliyokolea, inapanda inafifia mpaka begani ni nyeupe kabisa. Nimemwambia Chiriku, "Na mimi nimepewa gredienti." Amenipa mkono kama wakubwa wa ofisini.

Tarehe 17 Machi

Tatizo la magauni. Mwalimu wa kwaya alileta kitambaa kilichotiwa rangi kiwandani. Kwa wale warefu kinakaa sawasawa. Lakini wapo wafupi, na mfupi kuliko wote ni dada mmoja wa sauti ya kwanza tunayemwita Kibiriti. Nikimkatia kuanzia pindo, kitambaa chake kinaishia kwenye buluu mpauko. Weupe wa begani haufiki kamwe.

"Ataonekana kama hakumalizwa," mwalimu wa kwaya akasema.

"Kweli Mungu hakummaliza," dada akasema kutoka kitini kwake. Nimemkanya.

Nimerudisha kitambaa. Nitashona magauni meupe, kisha nitatia rangi mwenyewe kwenye beseni, kila gauni kwa kimo cha mwenyewe. Hapo Kibiriti naye atakuwa na buluu yake miguuni na nyeupe yake begani kama mwenzake mrefu. Kila mmoja apate rangi yote.

Tarehe 22 Machi

Mkuu wa Chiriku amekuja kuona kazi. Sisi tunamwita Bwana Pasi kwa siri, maana sijapata kuona shati limenyooka vile. Hata mvua inamkwepa. Ni mtu wa adabu, alimsalimia dada kwa kuinama. Lakini kazi haikumpendeza.

Chiriku alikuwa amechora hivi: mtungi juu kijani, katikati njano, chini nyekundu. Hewa ikipungua, kijani kinatoweka kwanza, halafu njano, mwisho inabaki nyekundu peke yake.

"Hapa mwisho panatisha," Bwana Pasi akasema. "Mchoro mzima unakuwa kama kidonda. Mgonjwa atachukia kuufungua. Mimi nataka uwe mzuri wakati wote, rangi zote zionekane, hata hewa ikiwa kidogo."

Alipoondoka Chiriku alikaa kimya, na Chiriku akikaa kimya nyumba inakuwa kama imefiwa. Nami moyo wa mama ukanituma. Nilikuwa na gauni la Kibiriti mapajani, limetoka kwenye rangi linapendeza ajabu. Nikamwonyesha.

"Fanya kama hivi. Usiibandike rangi kwenye mtungi. Ibandike kwenye hewa yenyewe. Hewa ikiwa ndefu, rangi inanyooka nayo. Ikiwa fupi, rangi inajikunja nayo. Kila kimo kipate rangi yote."

Akalitazama gauni, akanitazama mimi. "Mama, hilo ni jambo la mstari mmoja tu."

Akabadilisha papo hapo.

Tarehe 26 Machi

Bwana Pasi amesifu mno. Kasema binti yangu ana jicho. Nikasema moyoni, jicho la nani hilo! Mungu anisamehe majivuno. Nimepika vizuri.

Tarehe 3 Aprili

Mvua, mvua. Programu imewekwa kwenye simu ya dada na kwenye nyumba nyingine tisa. Dada anaiegemeza simu kwenye kikombe na kuitazama kama dirisha. Macho yake hayasomi kitu cha karibu bila miwani, na miwani haitaki. Anasema, "Naangalia kichwa cha rangi. Kijani, naendelea kuishi."

Tarehe 9 Aprili

Nimeushonea mtungi gauni. Dada anaona haya wageni wakiuona, anasema nyumba inafanana na gereji. Nimetumia vipande vya kwaya. Umefunikwa mpaka shingoni, na geji yake ndani, ile saa yenye mshale. Chiriku aliuliza kama geji itaonekana. Nikamwambia simu ipo, geji ya nini?

Tarehe 15 Aprili

Dada ameniita mara sita leo. Mto. Dirisha. Mpira unambana. Mto tena. Chai ya moto sana. Chai ya baridi. Nimemwambia anadeka. Kanuna.

Tarehe 19 Aprili

Mara tisa. Nimehesabu, sijui nahesabia nini. Mungu aniongezee subira, ile aliyonipa imeisha.

Tarehe 21 Aprili

Maji yamekata barabara ya chini. Gari la mitungi halijafika. Nimetazama simu, kijani. Hakuna shaka.

Tarehe 24 Aprili

Niandike hili polepole, lisije likanitoka vibaya.

Chiriku alikwenda ofisini asubuhi. Saa tisa mchana mvua ilikuwa inapiga bati mpaka hatusikilizani. Mimi nilikuwa nashona kola ya mwisho ya kwaya. Dada akaniita. Nilijifanya sikusikia. Akaniita tena: "Mdogo wangu, hewa inaniishia."

Nikanyoosha shingo nikatazama simu. Kijani. Kijani kizuri kabisa, juu kileleni. Nikamwambia, "Dada, kijani hicho hapo. Hewa ipo. Tulia."

Akatulia. Ndilo linaloniumiza kuliko yote, kwamba alinitii.

Nilishona kola nzima. Kola moja ni dakika kumi. Nilipokata uzi nikainua macho, nikaona kucha zake. Kazi yangu ni rangi, tangu ujana wangu ni rangi, na kucha zile zilikuwa na rangi ambayo mtu hai hapaswi kuwa nayo. Midomo ilikuwa rangi ya majivu. Macho yake yalikuwa yananitazama tu.

Nikauvua mtungi lile gauni, nikalichana hata mishono. Mshale wa geji umelala kwenye sifuri.

Tuna mtungi mmoja mdogo wa safari, uko nyuma ya mlango. Nesi alinionyesha mara moja jinsi ya kuufunga. Spana ilinianguka mara mbili. Nilikuwa nasali kwa sauti kubwa kama mlevi, sala isiyo na mpangilio: Baba, geuza, Baba, upande gani, kushoto au kulia. Ukapiga mluzi. Nikamrudishia mpira puani, nikampigapiga mashavu, nikamwita kwa jina alilokuwa akiitwa na mama yetu, ambalo hakuna anayelitumia tena.

Sijui ni muda gani. Kucha zikarudi pole pole, kutoka kwenye nyama kwenda kwenye ncha.

Neno lake la kwanza lilikuwa, "Kola imenyooka?"

Nikalia pale pale chini kama mtoto.

Chiriku alirudi saa kumi na moja, kalowa chapachapa. Nilipomweleza hakuvua hata viatu, aliichukua simu. Haikuwa imepata habari za mtungi mdogo, bado ilishikilia ule wa zamani. Akaisogeza machoni, nami nikainamia begani kwake. Hewa iliyochorwa ilikuwa fupi kama ukucha. Lakini ndani ya ukucha ule zilikuwamo rangi zote: nyekundu chini, njano katikati, kijani juu. Pembeni palikuwa na namba, ndogo kama mbegu ya ufuta. Asilimia moja. Namba haikudanganya. Ila sikuisoma, kwa kuwa rangi ilikuwa imeshanijibu.

"Nilipima kwenye hewa iliyobaki," Chiriku akasema kwa sauti isiyo yake. "Sifuri ni juu ya hewa, moja ni chini ya hewa. Haijui kama kuna mtungi. Hewa ikiwa nyingi juu kijani, ikiwa kidogo juu kijani. Haitakuwa nyekundu juu. Kamwe."

Nami nikaona kwaya yote imesimama mbele yangu. Buluu miguuni, nyeupe begani, wote. Ukiwafunika ukaacha mabega tu, Kibiriti ni yupi na mrefu ni yupi? Huwezi kujua. Ndivyo nilivyotaka mwenyewe, kwamba kimo kisijulikane. Kwenye gauni ni uzuri, mfupi anasitiriwa. Kwenye mtungi nilikuwa nasitiri kifo.

Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nililitia maji kabla hata sijasifiwa.

"Ziko nyumba tisa nyingine," Chiriku akasema.

Nilimwona akihesabu. Bwana Pasi angewaonyesha wakubwa wake programu siku ya Ijumaa. Baada ya hapo kazi ilikuwa ya Chiriku, alishaambiwa hivyo kwa mdomo. Angeweza kurekebisha kimya kimya, ule mstari mmoja. Nilimsoma usoni na nilijua anachokiwaza, kwa sababu na mimi nilikiwaza, mwenye kusali mara tatu kwa siku.

Dada akasema kutoka kitini, "Chiriku. Kimya hakikufai, mwanangu."

Akapiga simu, sauti ikiwa wazi tukisikia wote. Akaeleza bila kujificha.

"Lakini ilisifiwa," Bwana Pasi akasema. "Ijumaa naionyesha!"

"Ijumaa utaonyesha kitu kinachodanganya watu, mkuu. Mama mkubwa nusura tumpoteze leo."

Bwana Pasi akashusha sauti.

"Nani aliamua rangi ikae vile?"

"Mimi."

"Na mimi!" nikapaza sauti. "Mama yake! Mimi ndiye niliyemfundisha!"

"Huyo nani?"

"Fundi wetu wa nguo," dada akajibu kwa sauti ya kukwaruza. "Usimpe kazi."

Bwana Pasi hakucheka. Akasema wapigieni wote, sasa hivi, akakata.

Tumepiga tisa, mimi nikisoma namba, Chiriku akiongea. "Usitazame rangi. Tazama geji. Mshale uko wapi?" Wanane walikuwa salama. Nyumba ya saba ni mzee mmoja, dereva mstaafu, anaishi peke yake. "Mimi niko kijani, binti," akasema. "Babu, tazama geji." "Nimekwambia niko kijani." "Babu, tafadhali." Tukasikia kiti kinaburutwa. Kisha, taratibu, "Lo."

Jirani yake alikuwa na mtungi wa akiba. Tulibaki kwenye simu mpaka ukafungwa.

Tarehe 27 Aprili

Chiriku alirekebisha usiku ule ule. Nilimwomba anionyeshe mstari wenyewe. Kweli ni mmoja. Rangi sasa inapimwa kwenye mtungi mzima, sifuri mdomoni mwa mtungi, moja kwenye kitako, na haisogei. Hewa ndiyo inayosogea. Ni kama mtu anayeshuka ngazi iliyopakwa rangi: ngazi imekaa, yeye ndiye anayebadilika alipo. Namba nayo ameikuza ikawa kubwa kama kifungo cha koti.

Ijumaa imepita. Hakuna neno kutoka kwa Bwana Pasi.

Tarehe 30 Aprili

Hakuna neno.

Tarehe 4 Mei

Hakuna neno. Kwaya imechukua magauni, wanasema yanapendeza. Nimepokea asante nikiangalia chini.

Tarehe 9 Mei

Amekuja. Barabara bado mbovu, alitembea kutoka darajani. Sikumtambua mlangoni: shati limejikunja kama limetafunwa, suruali matope mpaka magotini. Nimempa taulo. Hakwenda kwenye kompyuta. Alivuta kigoda akakaa mbele ya dada.

"Mama, samahani. Nilitaka kiwe kizuri. Niliogopa kukutisha."

"Mwanangu, mimi si ua," dada akasema. "Kama nakufa, nitishe."

Wamejaribu pamoja karibu saa nzima. Chiriku anashusha kipimo, dada anasema anachoona, bila miwani, tena kwa mbali. Njano. Njano chafu. Nyekundu. Walipofika chini kabisa akasema, "Hapo pabaya mno, pasiguswe." Bwana Pasi ameandika maneno hayo hayo kwenye kijitabu chake. Nilikuwa namwona mtu wa mapambo. Leo nimeona mtu mwenye haya, na haya ni mwanzo wa mambo mengi mema. Nimempigia lile shati pasi kabla hajaondoka, akakaa na taulo mabegani akinywa chai na dada kama mtoto wa nyumbani.

Kuhusu kazi hakusema kitu.

Tarehe 17 Mei

Mvua kidogo, za kuaga.

Tarehe 28 Mei

Jibu limekuja. Hajaajiriwa. Wala hajafukuzwa. Wakubwa wameahirisha programu, na Bwana Pasi amemwongezea majaribio miezi mitatu mingine, kwa sharti moja: asichore kitu mpaka amekaa siku nzima katika kila nyumba ya zile kumi, akitazama watu wanavyotazama.

Nilitaka kusikitika. Nilikuwa nimeomba kazi, sikuomba majaribio juu ya majaribio. Lakini Chiriku anapanga safari zake kama mtu aliyeshinda, ataanza na mzee dereva, na mdomo umerudi, haufungi. Nimemshukuru Mungu kwa alichotoa, nikaacha kumweleza alichosahau.

Tarehe 31 Mei

Jua. Nimeanika kila kitu.

Alasiri nilikuwa na pini mdomoni, napindisha suruali, dada akaniita. "Hewa!" Neno moja. Simu ilikuwa kwenye kikombe chake, karibu yangu kuliko yeye, na nimeipita. Nilimfikia pini zikiwa bado mdomoni, nikamtazama kucha, midomo, macho, nikafuata mpira kwa vidole kutoka puani kwake mpaka sakafuni. Ni mrefu, ulikuwa umesambaa hadi kwangu, umebanwa na mguu wa kiti changu; nikauachia.

"Mbona hukutazama simu?" akaniuliza alipopata pumzi.

Nikatoa pini moja moja mdomoni. "Simu haikuniita."

Akasema mto wake umekaa vibaya. Nimeurekebisha. Akasema bado. Nimeurekebisha tena.

Cherehani na kiti nimevihamishia upande wake. Mwanga huku si mzuri, lakini namsikia anavyopumua.